Kastabini

Nimetoa kwanza komeo la bunduki,
nikaliweka dirishani kando ya chungu cha maua,
nikachungulia mtutu kutoka nyuma:
mwanga mtupu, mviringo, kama sarafu ya zamani.
Hamna risasi. Nimeangalia mara mbili.
Urho alikuwa akiangalia mara tatu,
ila Urho alikuwa Urho.

Nje, Kainuu yote imeganda umande.
Kesho msimu wa hirvi unafunguliwa,
mnyama yule mwenye pembe kama koleo mbili
na miguu ya mtu aliyeazima suruali.

Jiliwa liko chumba cha kuvulia nguo, kabla ya sauna.
Alilifunga hapo kwa bolti nne
mwaka ule tuliogombania gari.
Mtutu nimeuvika ngozi ya kiatu chake cha kushoto
nisije nikaukwaruza.
Cha kulia sijui kiko wapi. Mbwa anajua.

Mdomoni mwa mtutu kuna kile kidude
alichokifunga kiangazi nilichopasuliwa bega:
kipande cha chuma chenye mashavu kama ya samaki,
matundu matatu huku, matatu kule,
ili moto wa baruti utokee ubavuni
na teke la bunduki lisinifikie.
Na kweli halikunifikia.
Nilipiga risasi ya kwanza nikacheka kama msichana.

Misimu tisa nimepiga hivyo.
Misimu tisa yeye kushotoni kwangu, hatua mbili,
kamba ya mbwa mkononi,
vile vya kukinga masikio vikining'inia shingoni
maana alitaka kumsikia mbwa.

Teke halipotei.
Hubadili njia tu.
Likachukua kwanza ndege wadogo,
kisha saa ya ukutani,
kisha birika,
kisha mimi, nikimwita kutoka ngazini.
Alikuwa akitabasamu, akiitikia kwa kichwa,
nami nikadhani tumezeeka vizuri,
kwamba ndoa imefika bandarini, hatugombani tena.

Daktari wa Kajaani ndiye aliyeniambia.

Spana namba kumi na tisa. Nakaza meno. Hakiendi.
Nakumbuka: nimesimama upande wa pili,
kulegeza kumegeuka kukaza.
Nazunguka. Hakiendi vilevile.
Alitia gundi, bila shaka, ile nyekundu,
mtu wa kufunga kitu kisifunguke hadi kiyama.
Basi naleta mashine ya kukaushia nywele,
nakaa kwenye kigoda, naupulizia mdomo wa bunduki
kama mtoto aliyetoka kuoga.
Harufu inapanda: mafuta, masizi,
na kitu kitamu kidogo ambacho sikukitarajia.
Tena spana. Tena.
Ka!
Mbwa akainua kichwa. Mimi nikakaa chini.

Kwenye hesi, weusi wa misimu tisa.
Nimeusugua kwa mswaki.
Wake. Nilikuwa bado sijautupa.

Badala yake nimenunua kifuniko tu, cha kulinda hesi,
duka la Sotkamo, bei ya pakiti mbili za kahawa.
Muuzaji, kijana mwenye adabu, akauliza: na bega, mama?
Nikamwambia lina umri wa kutosha.
Ni kidogo, kama kastabini.
Nimekikaza kwa vidole, kikakubali.

Kesho Veikka atasimama kushotoni kwangu,
miaka kumi na mitatu, kamba ya mbwa mkononi,
mtoto asiyependa kuambiwa kitu mara mbili.
Nitamkagua masikio mara tatu.
Bunduki ikitaka kumpiga mtu, inipige mimi;
bega langu linajua kulalamika.

Saa nne usiku. Kahawa ya kujaza chupa.
Birika limeanza kupiga mluzi
na silitoi jikoni,
naliacha, naliacha lipige.